Ukuta Uliokuwa Uchi Mbele ya Ziwa

Chekeni kwanza, mmalize, halafu nitawasimulia vizuri, maana najua hakuna mtu wa mji huu wa Baraka anayenisalimia siku hizi bila kwanza kutupia jicho ubavu wa nyumba yangu. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwalimu aliyeitisha kilio kisicho na maiti, akawaliza watu wa majini na watu wa nchi kavu asubuhi moja, akalia na yeye mwenyewe, akamliza hadi mama mkwe wake, na yote hayo akiwa na taulo kiunoni na povu la sabuni kichwani. Aibu nimeshaizoea, tunakaa nayo nyumbani kama mpangaji. Lakini kila nikiikumbuka ile asubuhi, kinachonijia kabla ya aibu ni ule mwanga. Mpaka leo sijaona kitu kama kile, na kumbe nilikitengeneza mwenyewe, kwa nyundo na misumari.

Mimi si mtoto wa ziwa. Nilizaliwa Lulimba, kule watu wanakochimba dhahabu na kulima, maji yetu ni ya mto na ya mvua basi. Ualimu ndio ulionileta Baraka, nikamwoa Riziki, binti wa Fizi huko juu kwenye baridi, nikajenga nyumba ya matofali ya udongo kwenye kilima kidogo, uso kwa ziwa, kwa sababu nilipenda kuamka nikiangalia maji (mtu wa bara akiona maji mengi hupungukiwa akili kidogo, msinilaumu). Hakuna aliyeniambia kwamba ukilitazama ziwa, ziwa nalo linakutazama. Kwetu Lulimba mvua inaanguka kutoka juu kama inavyopaswa. Baraka mvua inakuja kwa ubavu, inasukumwa na upepo kutoka upande wa Ubwari, ile rasi ya milima ng'ambo ya maji, inaupiga ukuta kama mtu anayedai chake, na upepo ukipumzika jua linachukua zamu, linaupasua ule udongo uliolowa, halafu mvua inarudi kuingia ndani ya nyufa. Kila masika ukuta wangu wa upande wa ziwa ulikuwa unakonda. Nilikuwa nauona unakonda, nasema tutaona.

Tukaona. Riziki alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, Neema, na mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Fizi kumsaidia. Mchana mmoja mvua ilikuja na upepo wake, mama mkwe ameketi chumbani, mjukuu mapajani, anakunja nguo za mtoto, mara ukuta ukalegea, ukaanguka wote kwa nje, taratibu, kama mtu anayesinzia. Mama wa watu alikuwa chumbani, akajikuta barazani. Hakuumia, mtoto hakuumia, lakini alibaki pale kwenye kiti, mvua inampiga usoni, anatazamana na ziwa zima.

Mjue kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka macho yanauma. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Hatusemi moja kwa moja. Akinitaka anampitishia Riziki, hata kama nimekaa karibu kiasi cha kumpa chumvi. Basi siku ile, akiwa amelowa chapa chapa, akamgeukia mwanawe na kusema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele:

"Riziki, ambia mukwe wangu, mi sikuzaa mutoto ju akuje kulala ku nyumba yenye iko uchi. Siku ile ukuta itavaa nguo ya mvua, tutarudi. Mbele ya siku ile ifike, hapana."

Kesho yake wakapanda Fizi, wote watatu.

Nilikaa peke yangu miezi mitano. Jino la kwanza la Neema nililisikia kwa simu. Akaanza kukaa, nikaambiwa kwa simu. Akaanza kutambaa, kwa simu. Nilikuwa narudi kutoka darasani, napika ugali wangu ulio na madonge, nakula nikiangalia lile tundu lililozibwa na bashi, turubai la plastiki linalopiga kelele kila upepo ukija, na nawaambia ukweli, kuna siku nililia. Kwa hiyo mnapocheka, kumbukeni sikuwa navalisha nyumba kwa ajili ya urembo. Nilikuwa nataka mke wangu na mtoto wangu warudi.

Ukuta wenyewe niliujenga tena kwa matofali yale yale ya udongo, maana nyumba nyingine sina. Shida ilikuwa nguo. Nikamwita fundi Sumaili, maso mzee, mwashi wa mtaa wetu, mtu mwembamba anayegonga kila ukuta kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. Nikamwambia nataka krepi, plasta ya sementi, nzuri, laini, kama kwenye ofisi. Akacheka.

"Mwalimu, sementi na udongo habapendane. Udongo inapumua, sementi inakataa. Mvua moja, jua moja, krepi yako itatoka yote kama ganda ya yai."

"Basi mbao."

"Mbao? Utakuwa unalisha muchwa. Hapa muchwa iko na imani kuliko wakristo, haikosake hata siku moja."

Matofali ya kuchoma yangehitaji msingi mpya. Bashi nilikuwa nimeshachoka na kelele zake. Mwisho akasema mabati: tupige vipande vya mbao ngumu kwenye ukuta, tuvipake oili chafu ili mchwa avikimbie, tuache nafasi ya vidole vinne ili udongo upumue, halafu juu yake bati zisimame wima, mvua itelemke. Nilifurahi nikampa mkono. Akaushika mkono wangu, hakuuachia.

"Lakini ukimaliza, upakaze rangi. Ama goudron, ile lami ya barabara. Ama hata tope. Hapa kwetu bati haiangaliake ziwa uchi."

Sasa hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa dogo kama punje ya mtama. Nilisikia neno "uchi" nikadhani ni mambo ya wazee, sijui mizimu gani ya majini isiyopenda kuona chuma. Mimi mwalimu wa hesabu! Nikamwambia, "Fundi, mi nilinunua mungao, halafu niifiche na tope?" Akaachia mkono wangu, akasema, "Ni nyumba yako." Fundi akikuambia ni nyumba yako, jueni mambo yameharibika.

Tukapiga mabati, siku mbili. Ukuta ukawa mzuri, ndugu zangu, ukawa mzuri mpaka nikawa napita mbele yake bila sababu. Nikapiga simu Fizi, Riziki akamuuliza mama yake, mama yake akasema sawa, atakuja kuona kwa macho yake, na kama nguo ni nguo, watabaki. Alhamisi asubuhi sana watapanda pikipiki mbili, moja yake, moja ya Riziki na mtoto. Jumatano mchana (na hapa mnaweza kuanza kucheka upya) nikachukua majivu, sabuni na kitambaa, nikausugua ule ukuta wote, uliokuwa bado umefifia kwa vumbi na oili ya kazi, kuanzia juu mpaka chini, bati kwa bati, nikazitoa hata alama za vidole vya fundi. Nikamfungia jogoo mmoja mkubwa kwa ajili ya mama mkwe. Nikalala kama bwana arusi.

Alhamisi niliamka kungali na giza kidogo, nikaingia kwenye bafu langu la matete pembeni ya nyumba, nikajimwagia maji, nikajipaka sabuni kichwani, na ndipo jua likachomoza nyuma ya milima ya Ubwari. Mara matete ya bafu yakawa na mwanga kutoka upande usiokuwa wake. Jua linatoka ziwani, kila mtu anajua, lakini mwanga ulikuwa unatoka nyumbani. Nikadhani moto. Nikavuta taulo, nikatoka mbio, nikashuka hatua kama kumi kwenye mteremko, nikageuka.

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na jua jingine limesimama kilimani kwangu, pana kama ukuta, na lilikuwa linatazamana na lile jua la Mungu bila haya. Majani yote ya mteremko yalikuwa meupe. Nikaangalia chini nikaona nina vivuli viwili, kimoja kinaelekea nyumbani, kingine kinaelekea ziwani, na nikiinua mkono vyote viwili vinainua mkono. Kila jiwe lilikuwa na vivuli viwili. Kuku wangu alikuwa na vivuli viwili, naye amesimama hapigi hata kelele. Nilisimama pale na povu linanitelemka shingoni, nikasema kwa sauti, "Mungu wangu," na sikuwa nalaani, nilikuwa naomba. Nilijiona mdogo sana, na wakati huo huo (niwafiche nini) nikajisikia fahari. Nikasema leo mama mkwe atakubali.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo kila mtoto wa hapa analijua kabla ya kujua kusoma, ni hili. Miaka ile ya vita, watu wa ziwani walikuwa wakivua usiku kwa taa zao, na asubuhi hawajui wanarudi kwenye amani au kwenye balaa. Basi bamama wa ufukweni walikuwa wanachukua mfuniko wa sufuria, wanaukamatisha jua, wanawamulikia. Mwanga wa kukatika katika: msifike hapa, zungukeni. Mwanga mrefu usiokatika: acheni nyavu, rudini, kuna kifo nyumbani. Vita ilipopungua, ile lugha ilibaki, na mpaka leo mvuvi akifiwa akiwa majini anaitwa kwa mfuniko. Mfuniko mmoja, kifo kimoja. Mimi nilikuwa nimewasha ukuta mzima.

Kule majini, mitumbwi yote ilikuwa upande wa Ubwari, watu wanavuta nyavu za mwisho za ndakala, dagaa wetu. Wakaona kilima kinawaka, mwanga haukatiki, haupungui, mkubwa kuliko walivyowahi kuuona tangu wazaliwe. Kapita Alimasi, mkubwa wa wavuvi, mtu ambaye ameona mengi, aliniambia baadaye kwamba alifikiri mtaa mzima umekufa. Wakaacha nyavu. Wenye mota wakawasha mota, wenye makasia wakapiga makasia, wote kwa pamoja, na wakaanza kulia humo humo majini.

Ufukweni bamama walikuwa wanangoja samaki na mabeseni yao, migongo kwa kilima. Wakaona mitumbwi yote inakuja kwa mkupuo, mbio, wanaume wanalia. Wakajua mtumbwi umezama. Wakaweka mikono kichwani, wakalia. Wavuvi wakasikia kilio cha ufukweni, wakasema basi ni kweli, wakalia zaidi. Bamama wakaona wanalia zaidi, wakaanguka mchangani. Mkiniuliza nani aliyeanza, mpaka leo mjadala haujaisha.

Na hakuna aliyeuliza! Kwetu kilio hakiulizwi. Ukifika kwenye kilio huulizi "nani?" pale mlangoni kama mtu wa ushuru, unalia kwanza, unakaa, ukishatulia ndipo utaambiwa. Basi walikutana pale mchangani, wakashikana, wakalia pamoja, na kwa kuwa mwanga ulikuwa juu kwangu, wote wakaanza kupanda kilima kwa njia ya nyuma, upande wa barabara.

Mimi sasa. Niko pale na taulo langu, nimeutazama ukuta wangu mpaka povu limeanza kukauka, nimekaribia kuingia kuoga upya, nasikia sauti. Nachungulia, naona umati unapanda, wanaume wamelowa, bamama mikono kichwani, Kapita Alimasi mbele yao machozi yanatiririka, na wanakuja kwangu. Kwangu! Nikawaza: Riziki. Nikawaza zile kona za barabara ya Fizi. Nikaiwaza pikipiki, nikamwaza mtoto aliyeanza kutambaa na mimi sijamwona akitambaa. Nikakaa chini uani, upande wa barabara, nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Kapita akanifikia, akaniona nimekaa chini, kwake ikawa dhahiri. Akaniinamia, akanishika mabega.

"Mwalimu, kaza roho."

Nami nikajua ni kweli. (Yeye aliniambia nikaze roho kwa sababu mimi nilikuwa chini, mimi nilikuwa chini kwa sababu yeye alikuwa analia. Hesabu hiyo nimewapa wanafunzi wangu, hakuna aliyeipata.) Bamama wakaniona niko na taulo, wakasema huzuni imemvua nguo, mmoja akavua kitenge chake cha juu akanifunika kuanzia kichwani. Chini ya kile kitenge palikuwa na giza, sabuni inaniingia machoni, nalia machozi ya kweli na ya sabuni, na nasikia kilio kinapangwa juu yangu: mafiga yanawekwa, kuni zinafika, mabenchi yanatoka kanisani, kwaya inajaribu sauti. Watu wa hapa wana moyo, nawaambia. Sijawahi kuona watu wanaacha kila kitu chao haraka namna ile kwa ajili ya mtu wasiyemjua vizuri. Hilo nalo lilinishangaza, hata katikati ya uchungu wangu.

Wakati huo zile pikipiki mbili zilikuwa zinateremka salama kabisa. Chini ya kilima mama mmoja akawasimamisha, akamwambia mama mkwe wangu, kwa upole, "Mama, kilio iko kwa Mwalimu." Inasemekana aliruka kabla pikipiki haijasimama.

Nilimsikia akija. Sauti yake naijua, lakini sijawahi kuisikia ikipaa hivyo.

"Mukwe wangu eee! Muntu alikuwa anachotea muke wake maji bila haya! Muntu hakutukanake muntu! Mi njo nilimuua, mi na maneno ya ukuta! Ungebakia tu na ukuta uchi, mukwe wangu, tungelala inje boote!"

Nikanyamaza chini ya kitenge. Nikasikiliza. Anamlilia nani? Anamlilia mkwe wake. Mkwe wake ni nani? Nikaanza kujiuliza kama labda mimi ndiye niliyekufa, maana mambo mengi yangeeleweka hivyo. Nikajifinya mguu, ukauma, lakini hata hiyo nikaona si ushahidi wa kutosha. Na huku nimechanganyikiwa hivyo, maneno yake yalikuwa yananiingia. Miaka mitatu nilikuwa najua kwamba mwanamke huyu ananivumilia tu. Kumbe alikuwa ameniona nikichota maji.

Akapasua umati. Akafika katikati. Akaona mtu amefunikwa, akajua ndiye maiti, ameketishwa sijui kwa desturi gani ya Lulimba, akashika kitenge, akakifunua.

Tukatazamana. Uso kwa uso, jicho kwa jicho, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Povu lilikuwa limenikaukia, kichwa na uso vyeupe, macho mekundu. Nikasema (Mungu anisamehe, ndicho kilichonitoka), "Shikamoo mama."

Sitasimulia ile kelele. Kwaya ilikatika, benchi zikaanguka, wavuvi watu wazima walirukia ua wa jirani. Mama mkwe alikaa chini kwa kishindo, akajifunika uso kwa kile kile kitenge kilichokuwa kinanifunika, na mimi nikabaki na taulo langu mbele ya nusu ya Baraka. Halafu nikaona, nyuma yake, Riziki amesimama na mtoto mgongoni, wazima wote wawili, na sasa ikawa zamu yangu kupiga kelele kama mtu aliyeona wafu. Nilimkumbatia mke wangu mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanywi. Nililifanya.

Kapita Alimasi ndiye aliyepata akili kwanza. Akasimama juu ya benchi.

"Sasa. Nani njo alikufa?"

Watu wakaangaliana, wakahesabiana kwa macho.

"Nyinyi njo mulituita," akawaambia bamama.

"Sisi? Nyinyi njo mulikuya munalia!"

"Tuliona bati. Bati kubwa. Ilikuwa hapa hapa."

Akashuka, akaizunguka pembe ya nyumba kuelekea upande wa ziwa, watu wote wakamfuata, mimi nyuma na taulo langu. Walipofika tu mbele ya ule ukuta, mikono yote ikainuka kwa mara moja kuyakinga macho, kama wameamriwa. Jua lilikuwa limepanda, na ule mwanga ulikuwa umerudi kutoka ziwani, umepanda mteremko, sasa ulikuwa umewamwagikia wao. Migongo ya bati iliuchana, ukawa mistari mistari, ikawapita nyusoni, kwenye vitenge, kwenye nyavu alizobeba mmoja begani bila kujua. Kila mtu alikuwa na vivuli viwili. Umati ule ulikuwa umati mara tatu. Neema alishushwa chini, akaona kivuli chake kimoja, akaona cha pili, akatambaa kukifuata. Ndivyo nilivyomwona mwanangu akitambaa mara ya kwanza, ndani ya ule mwanga, na mimi nilisahau kabisa kuona haya.

Mzee mmoja akavua kofia. Kapita akasema polepole, "Mwalimu. Sumaili hakukuambiaka?"

"Aliniambia," nikasema. "Alisema isiangalie ziwa uchi."

Fundi Sumaili alikuwepo, nyuma kabisa. Alitazama mbingu.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Alijifunga kitenge kiunoni, akapita mbele ya watu bila kunitazama, akaenda kwenye lile rundo la udongo wa ukuta ulioanguka, ambalo nilikuwa sijalitupa, akaliponda kwa kisigino.

"Riziki, ambia mukwe wangu alete maji. Na majivu."

Nikaleta. Jirani mmoja, mama wa familia ya wafugaji walioshuka kutoka milimani, alikwenda kwake akarudi na beseni la mavi ya ng'ombe, akalimwaga kwenye tope, akasema, "Bila hii haitashika." Wakakanyaga pamoja, yeye na mama mkwe, halafu mama mkwe akachota kwa viganja viwili akaupaka ukuta wangu, fyaa, palipokuwa pamesuguliwa kuliko pote. Bamama wakaingia kazini. Wavuvi nao. Mwanga ukawa unazimika bati kwa bati, kivuli cha pili kikawa kinanyauka, mpaka tukabaki na jua moja kama watu wengine. Ukuta ukawa wa kahawia, umejaa alama za viganja, vikubwa na vidogo.

"Sasa imevaa," akasema mama mkwe. Sijui alimwambia nani.

Jogoo wake aliliwa na umati. Kapita alisema kilio hakirudishwi na njaa, kikirudi na njaa kinabaki kinangojea mtu, na mimi sikutaka kinisubiri. Kila mmoja alipata mchuzi wa kulowanisha kidole, na ndakala chache zilizokuwemo mitumbwini. Kesho yake nikaenda nao majini kunasua nyavu walizoziacha kwa sababu yangu, mimi mtoto wa Lulimba, nikatapika tangu ufukweni mpaka Ubwari. Lakini katikati ya kutapika niliinua kichwa nikaona Baraka kwa mara ya kwanza kutoka kule: vilima, paa, ufukwe, na kile kinyumba changu kidogo cha kahawia. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoiona nyumba yangu kila siku ya maisha yao, na mimi sijawahi kusimama pale wanaposimama. Niliapa humo humo mtumbwini, kinywa kichungu: sitachagua tena kitu cha kuangaliwa bila kuwauliza wanaokiangalia, na fundi akiniambia "ni nyumba yako," nitaweka nyundo chini.

Riziki na Neema walibaki. Tope, bila shaka, halidumu, kila masika mvua ya ziwa inalamba, na asubuhi fulani nasikia mvuvi ananipigia kelele kutoka chini, "Mwalimu! Ukuta yako iko uchi!" Fundi Sumaili ameshaniambia mara nyingi kwamba kuna rangi nzuri, ya mara moja, haitoki. Nakataa. Natuma neno Fizi, na mama mkwe anashuka na pikipiki.

Anapaka kwa nje. Mimi nakaa chumbani na madaftari ya wanafunzi, ukuta katikati yetu, heshima imetulia. Na kwa kuwa hawezi kusema nami, anasema na ukuta.

"We ukuta," nasikia mkono wake ukipita, fyaa. "Ulikula leo?"

"Nilikula, mama," nasema.